Seti ya poka ya chipu 500: je, inamfaa mchezaji wa simu anayehamia mezani?

Tunachokipima hapa ni sanduku la alumini lenye chipu 500 za gramu 11.5, pakiti mbili za karata, dadu tano na kitufe cha mgawaji, kile kinachoonyesha ni zamu ya nani kugawa. Halina jina kubwa. Viwanda vingi vinatoa sanduku lilelile kwa nembo tofauti, na kwa aliyeko Dodoma njia ya kawaida ni kuagiza Kariakoo, mzigo ukapakiwa kwenye basi na kupokelewa stendi ya Nanenane. Hatulipimi kama pambo la sebuleni. Swali letu ni hili: mtu aliyejifunza poka kwenye simu, anayetaka kukaa kwenye mashindano ya mezani yenye rundo refu la chipu, je, sanduku hili litamwandaa?

Litamwandaa, tena vizuri, ila si kama lilivyotoka dukani. Karata zake zibadilishwe, chipu zitiwe alama, na ratiba ya blaindi, yaani madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata, ndogo na kubwa, ipewe dakika za kutosha. Ukiruka hata kimoja kati ya hivi vitatu utakuwa umenunua mlio wa chipu tu, na mchezo utabaki uleule wa simu.

Tuanze na tofauti yenyewe, maana ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda mahali sahihi. Kwenye simu, mashindano ya haraka hupandisha blaindi kila baada ya dakika chache. Muda mwingi unacheza ukiwa na chipu za thamani ya blaindi kubwa 15 au 25, na hapo uamuzi ni mfupi: karata nzuri, weka zote, karata mbaya, tupa. Mezani mambo ni mengine. Mashindano makuu ya World Series of Poker kule Las Vegas humpa kila mchezaji chipu 60,000 na kuanza na blaindi 100/200, yaani blaindi kubwa 300, na kila ngazi, yaani kipindi kabla blaindi hazijapanda, hudumu saa mbili. Mtu anaweza kupoteza poti (fungu la madau yanayoshindaniwa) mbili tatu mchana na jioni bado yumo. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, aliyepata tiketi yake mtandaoni kupitia PokerStars, alishinda mashindano hayo yenye wachezaji 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Kwa hiyo kuvuka kutoka kwenye skrini kunawezekana. Kinachohitajika ni kufanya mazoezi ya kitu sahihi, nacho ni kucheza ukiwa na chipu nyingi kuliko poti, muda mrefu, bila namba za kukusaidia kwenye kioo.

Hapo ndipo sanduku hili linapoingia.

Chipu zenyewe

Mgawanyo wa kawaida wa rangi ni nyeupe 150, nyekundu 150, bluu 100, kijani 50 na nyeusi 50. Hesabu kabla ya kulipa, au mwambie unayemtuma Kariakoo ahesabu. Mstari wowote wa chipu ndani ya sanduku ukiwa na mwanya, kuna pungufu, na chipu moja ya rangi ileile huipati madukani baadaye.

Ubora wake ni wa wastani, na kwa kazi hii wastani unatosha. Ni plastiki ngumu iliyofunika kipande cha chuma, ndiyo maana ina uzito. Zikiwa mpya zinateleza. Ukipanga mnara wa chipu 20 juu ya meza ya plastiki, mtu akigusa meza kwa goti mnara unalala. Dawa yake ni kitambaa. Blanketi jembamba lililovutwa chini ya meza na kubanwa kwa pini linatosha kabisa, na karata nazo zinainuliwa kwa urahisi bila kukwaruzwa kwa kucha. Chipu nyingine huwa na ukingo mkali pale kiwandani zilipokatwa. Zisugue kwa taulo kavu siku ya kwanza.

Kuna aina mbili za chapa, na hapa watu wengi wanakosea. Aina ya kwanza ina picha za dadu pembezoni na haina namba. Ya pili ina namba. Wengi hukimbilia yenye namba, lakini mara nyingi namba hizo ni 1, 5, 10, 25, 50 na 100, ambazo ni za mchezo wa fedha taslimu na kwa mashindano ya rundo refu hazina kazi. Ukipata yenye 25, 100, 500, 1000 na 5000, chukua. Usipoipata, chukua isiyo na namba uitie alama mwenyewe.

Thamani zigawe hivi: nyeupe 25, nyekundu 100, kijani 500, bluu 1000, nyeusi 5000. Tumeweka kijani chini ya bluu kwa makusudi, kwa sababu kijani ziko 50 tu na bluu ziko 100, na kwa mpangilio huu sanduku linatosha watu kumi bila kubaki hata kijani moja. Kila mchezaji anapewa nyeupe 12, nyekundu 12, kijani 5, bluu 6 na nyeusi 2. Jumla yake ni chipu 37 zenye thamani ya 20,000. Kwa watu kumi zinatoka nyeupe 120, nyekundu 120, kijani 50, bluu 60 na nyeusi 20. Zinazobaki sandukuni ni nyeupe 30, nyekundu 30, bluu 40 na nyeusi 30, na hizo ndizo za kubadilishia chipu ndogo zinapoondolewa mezani.

Kasoro kubwa ni bluu na nyeusi. Mchana hutaona tatizo. Umeme ukikatika mkawasha taa ya sola, bluu inakuwa nyeusi machoni, na kosa moja hapo ni tofauti ya 4,000, yaani moja ya tano ya rundo la kuanzia. Nunua lebo za duara, andika namba kwa kalamu isiyofutika, bandika pande zote mbili za chipu nyeusi na bluu. Ni lebo 300. Nyeupe, nyekundu na kijani ziache. Bandika tu karatasi ya thamani ukutani mahali ambapo kila mtu anaiona. Lebo za bei ya chini huanza kubanduka kwenye ukingo mikono ikipata jasho, kwa hiyo zikaguliwe kila baada ya mchezo, maana lebo iliyobanduka nusu inamtambulisha mwenye chipu hiyo na inaharibu mnara.

Na vumbi. Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba upepo hauna simile, na aliyekaa Nkuhungu au Ilazo karibu na barabara isiyo na lami anajua dirisha likiachwa wazi nusu saa meza inakuwaje. Vumbi likishika chipu, minara inakwaruza na rangi nyeupe inageuka udongo. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha kausha hapohapo. Usiziloweke kwenye beseni.

Karata: zitoe, weka nyingine

Karata zinazokuja na sanduku ni za karatasi iliyopakwa ngozi nyembamba ya plastiki, na zinajikunja haraka. Baada ya mchezo mmoja mrefu, ree iliyokunjwa kona inajulikana kutoka upande wa pili wa meza. Mazoezi yanakufa hapo, kwa sababu mtu anaanza kusoma mgongo wa karata badala ya kumsoma mwenzake.

Nunua pakiti mbili za plastiki tupu zenye migongo ya rangi tofauti. Za plastiki ukizipinda zinarudi, ukizimwagia soda unazifuta. Kwa nini mbili? Kwa sababu kasi ya mchezo inategemea kuchanga. Pakiti moja ikiwa inagawiwa, aliyetoka kugawa anachanga ya pili na kuiweka tayari mkono wa kulia wa mgawaji anayefuata. Bila hivyo, kila mkono, yaani mgawo mmoja wa karata hadi apatikane mshindi, unapoteza karibu nusu dakika ya watu kumi kumtazama mmoja akichanga, na ngazi ya dakika 25 inaliwa bila karata kuchezwa.

Kuchanga kwenyewe kuwe kwa kweli. Tandaza karata mezani zikiwa zimefunikwa, zivuruge kwa viganja, kusanya, changa kwa kupishanisha nusu mbili, rudia angalau mara tatu, kata. Watakaozoea wachange mara saba, maana hesabu za Dave Bayer na Persi Diaconis za mwaka 1992 zilionyesha kwamba karata 52 zinahitaji takriban mara saba za kupishanisha ili zichanganyike vya kutosha. Chini ya pakiti weka jokeri, karata ya mwisho isionekane wakati wa kugawa. Kabla ya kufungua karata za mezani, zile tano zinazotumiwa na wote, moja ya juu inawekwa pembeni ikiwa imefunikwa. Kwenye simu haya yote yanafanyika bila wewe kuyaona. Mezani ndiyo yanayolinda haki ya kila mmoja, na mgeni anayeyajua anapokelewa kwa heshima popote.

Dadu tano hazina kazi katika poka. Kitufe cha mgawaji ni kizuri na kizito. Sanduku ni mbao laini iliyovikwa bati jembamba la alumini. Chipu peke yake ni kilo 5.75, kwa hiyo mpini na bawaba ndivyo vinavyotangulia kufa. Usilibebe kwa mpini kwenye bodaboda kutoka Majengo hadi Kisasa. Lifunge mpira kuzunguka, lilaze mapajani, maana kufuli zake ndogo zinafunguka kwenye tuta la kwanza.

Ratiba inayofanya rundo liwe refu

Chipu 20,000 si nyingi wala si chache mpaka ujue blaindi na dakika. Tunapendekeza ngazi kumi na tano: 25/50, 50/100, 75/150, 100/200, 150/300, 200/400, 300/600, 400/800, 500/1000, 1000/1500, 1000/2000, 1500/3000, 2000/4000, 3000/6000, 4000/8000. Unaanza na blaindi kubwa 400. Kuanzia ngazi ya nne weka ante, dau la lazima la ziada, inayolipwa na mwenye blaindi kubwa peke yake kwa niaba ya meza nzima, kiasi sawa na blaindi kubwa. Ni utaratibu ulioenea kwenye mashindano makubwa miaka ya karibuni, na unaondoa ule usumbufu wa kudai chipu moja moja kwa kila mtu.

Dakika ndizo roho ya ratiba. Meza ya watu kumi wanaojigawia karata wenyewe hucheza mikono 25 hadi 30 kwa saa. Meza moja ya mtandaoni hucheza 60 au zaidi. Kwa hiyo ngazi ya dakika 10, ambayo kwenye simu ni ndefu, mezani ni mikono minne au mitano, haizidi nusu ya mzunguko wa meza. Watu hununua sanduku, wanaweka dakika 10, wanashangaa kwamba baada ya saa moja kila mtu anaweka zote gizani. Weka dakika 25. Ngazi kumi na tano zinakuwa saa sita na robo, ongeza mapumziko mawili ya dakika 15, kwa hiyo mkianza saa nane mchana Jumamosi mtamaliza kabla ya saa tatu usiku. Mara nyingi mtamaliza ngazi ya 13 au 14, kwa sababu chipu zote mezani ni 200,000, na blaindi kubwa ikifika 4,000 wawili waliobaki wana blaindi 50 tu kwa jumla yao.

Nyeupe ziondolewe mwisho wa ngazi ya tano, nyekundu mwisho wa ngazi ya nane. Fanyeni wakati wa mapumziko, mtu mmoja akibadilisha na mwingine akishuhudia. Nyeupe zote 120 ni 3,000 tu; nyekundu 30 zilizobaki sandukuni zinazimaliza. Masalio ya mtu yasiyotimiza 100 yashindaniwe kwa kugawa karata moja kwa kila chipu iliyobaki, mwenye karata kubwa anachukua nyekundu. Hakuna anayetolewa mchezoni kwa njia hiyo. Aliyebaki na nyeupe moja tu anapewa nyekundu.

Kwa saa tumia programu yoyote ya bure ya kuhesabu ngazi, simu ikiwa imesimamishwa kwenye glasi katikati ya meza na imechajiwa. Hiyo iwe simu pekee inayoonekana mezani. Tunalisisitiza hili kuliko lolote kwa wanaotoka mtandaoni: aliyezoea meza nne kwa mpigo, akikaa mikono 25 kwa saa, kidole kinatafuta kioo chenyewe, na kila alichokuwa ajifunze kwa macho kinampita.

Kile ambacho chipu za mkononi zinakufundisha

Chukua mfano wa ngazi ya pili, blaindi 50/100. Una ree na mfalme, unapandisha hadi 300, mwenye blaindi kubwa anafuata, yaani analipa kiasi hichohicho, wengine wametupa. Poti ni 650. Karata tatu za mezani zinakupa jozi ya ree. Unaweka 400, anafuata: 1,450. Karata ya nne, 1,000, anafuata: 3,450. Karata ya tano, 2,500, anafuata: 8,450. Umecheza jozi yako kwa nguvu kila hatua na umetumia 4,200 kwa jumla. Bado una 15,800. Ili rundo lote liingie, lazima mmoja wenu apandishe njiani, na anayepandisha dhidi ya mtu aliyeweka dau hatua zote tatu ana jozi mbili au zaidi, mara nyingi zaidi kuliko anavyokuwa hana kitu.

Cheza mkono huohuo ukiwa na 2,000, kama simu ilivyokuzoesha. Unapandisha hadi 250, poti inakuwa 550, umebaki na 1,750. Dau la kwanza 350, la pili zote. Jozi ya ree ilitosha kabisa. Sasa utaona kosa la kwanza la mhamiaji: anabeba imani ya jozi moja kutoka kwenye blaindi 20 na kuipeleka kwenye blaindi 200. Minara ikiwa mbele yako kwa uzito wake, unaona kwa macho jinsi poti ilivyo ndogo kando ya rundo lako. Namba kwenye kioo haikupi picha hiyo, na kwa hili pekee sanduku linastahili bei yake.

Kosa la pili ni kinyume chake, kutupa karata ambazo rundo refu linazipa thamani. Jozi ndogo, tuseme saba mbili, hupata saba ya tatu kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, takriban asilimia 12 ya nyakati. Kwa blaindi 20 hiyo hailipi. Kwa rundo refu, kanuni ya kufanyia kazi ni kufuata kama wewe na aliyepandisha kila mmoja amebaki na angalau mara 15 hadi 20 ya alichopandisha. Alipandisha 300? Mnahitaji 4,500 hadi 6,000 nyuma. Mnayo 19,000 na zaidi, fuata. Karata zinazofuatana za maua mamoja, kama nane na tisa za kopa, zina thamani pia, lakini ukiwa wa mwisho kuamua tu. Tahadhari ni flashi (karata tano za maua mamoja) ndogo. Mtu akiweka rundo la blaindi 150 dhidi ya flashi yako ya tisa, hasa kwenye meza ya wachezaji waangalifu, ana kubwa kuliko hiyo mara nyingi mno.

Nafasi, yaani unaamua wa ngapi, nayo inakuwa ghali zaidi. Kwa blaindi 15 kuna hatua moja ya uamuzi na nafasi haina muda wa kukuadhibu. Kwa blaindi 200 kuna hatua nne, na anayeanza kusema kila hatua anacheza bila kuona. Mwenye kitufe, ambaye huamua wa mwisho baada ya flopu, apandishe kwa karata nyingi zaidi, aliye wa kwanza achague chache sana.

Saa mbili na nusu za mwanzo, ngazi sita, ndizo za rundo refu kwa ratiba hii. Ngazi ya tisa ikifika, tuseme wamebaki sita, wastani ni chipu 33,000 kwa blaindi kubwa ya 1,000, na mchezaji wa simu yuko nyumbani kwake. Mikono yote ya hizo saa mbili na nusu ni kama 70. Karata nzuri zitakuja chache. Usijaze mapengo kwa karata mbaya kwa sababu ya kuchoka.

Adabu za mkono, ambazo programu ilikuwa inakufanyia

Programu haikuruhusu kukosea dau. Meza inakuruhusu, na itakuhesabia. Kanuni zinazotumika kwenye mashindano mengi ni za chama cha wasimamizi wa mashindano, TDA, kilichoanza mwaka 2001, na tatu kati yake zifanyiwe mazoezi tangu siku ya kwanza.

Ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno, umefuata tu. Blaindi 50/100, unaweka kijani ya 500 kimya ukidhani umepandisha: umelipa 100 na utarudishiwa 400. Sema kwanza, “Napandisha, mia tatu,” kisha gusa chipu. Ukisema, umefungwa, neno lililotangulia ndilo linalohesabika. Pili, usiweke dau kwa mafungu, yaani chipu za kufuatia kwanza halafu kurudi rundoni kuongeza. Fungu la kwanza ndilo litakalosimama. Tatu, ukiweka chipu kadhaa bila kusema na nyongeza yako haijafika nusu ya kiwango cha chini cha kupandisha, umefuata. Ikifika nusu, utalazimika kukamilisha.

Chipu kubwa ziwekwe mbele ya rundo, zionekane. Minara iwe ya 20 kila inapowezekana, ili jirani akikuuliza una kiasi gani, jibu lionekane bila kuhesabiwa. Karata zako zilinde kwa chipu moja juu yake. Mgawaji akizizoa kwa bahati mbaya zikiwa hazina ulinzi, zimekwenda.

Na hili la karibu kabisa: tazama karata zako mara moja, uzikumbuke pamoja na maua yake. Simu imezoea kukuonyesha muda wote. Mezani, flopu ikiwa na shupaza tatu na mtu akainua kona ya karata zake kuangalia tena, karibu kila mara hana shupaza mbili. Ana moja, anataka kujua kama ni shupaza au pau. Aliye na flashi tayari hana haja ya kuangalia. Vivyo hivyo, mkono unaotetemeka ukiweka dau kubwa mara nyingi ni wa mtu mwenye karata nzito, si mwenye kudanganya, ni msisimko. Ili uyaone haya, macho yako yasiwe kwenye karata zako zinapogawiwa. Watazame walio kushoto kwako wakitazama zao, kisha zako ziangalie zamu yako ikifika.

Zoezi tunalolipendekeza kuliko yote ni la poti. Kila mkono ukiisha, kabla mshindi hajazoa, mtu mmoja atajwe kwa zamu aseme poti ni kiasi gani bila kugusa. Kisha ihesabiwe. Mwanzoni watu wanakosea kwa theluthi nzima. Baada ya michezo michache wanakaribia, na madau yao yanaanza kuwa na maana, nusu ya poti ikiwa nusu kweli.

Fedha na sheria

Mchezo wa kubahatisha kwa fedha Tanzania unasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, na unahitaji leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Sebule ya Area C haina leseni. Kwa hiyo tumieni sanduku hili kwa mazoezi bila kiingilio.

Hofu ya wengi ni kwamba bila fedha watu watacheza ovyo. Ni hofu ya kweli, na dawa zipo. Hakuna kuingia tena baada ya kutoka. Wekeni alama za mwezi, wa kwanza 10, wa pili 7, wa tatu 5, na ubao ubaki ukutani. Kisha muhimu zaidi: anayetoka wa kwanza anakuwa mgawaji mpaka mwisho. Mtu hatupi rundo lake ngazi ya pili akijua atagawa karata mpaka usiku, na meza nayo inapata mgawaji wa kudumu anayeongeza mikono kwa saa.

Atakayetaka mchezo wa fedha aende kwenye kasino yenye leseni Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 hiyo si safari ya kuumiza mgongo tena.

Nani anunue

Wachezaji sita hadi kumi wanaokutana mara kwa mara: nunueni, changieni, pamoja na pakiti mbili za plastiki na lebo. Wakiwa wanne au watano tu, sanduku la chipu 300 linatosha ilimradi mgawanyo wa rangi uhesabiwe upya kabla. Zile seti ndogo za chipu nyepesi 200 za plastiki msizichukue. Hazifikishi hata marundo sita ya chipu 37.

Mkifika kumi na mbili na kuendelea mnahitaji meza mbili, na hapo nunueni masanduku mawili siku moja, duka moja, mkiyafungua yote na kulinganisha bluu na bluu. Rangi za mizigo tofauti hazifanani, na mezani chipu zisizofanana zinaleta ubishi. Masanduku mawili yanatosha watu ishirini kwa marundo yaleyale ya 20,000, ila ngazi ziongezwe mbili mwishoni, 5000/10000 na 8000/16000, na mwanzo usogezwe hadi saa saba mchana.